Chaza wamekufa kapuni: soma ganda kabla ya kulaumu tabianchi

Unavuta kamba na kapu linakuja juu jepesi kuliko ulivyolishusha. Badala ya ule mgongano mzito wa chaza hai unasikia mchakacho, kama vifuu vikigongana ndani ya pakacha. Hujafungua wavu, harufu imeshakufikia.

Ukirudi pwani utapewa majibu matatu. Bibi aliyekaa kivulini atasema, "Mwanangu, hilo jicho. Ulijisifu mno." Kijana aliyetoka semina jana atasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvuvi mwenye ugomvi wake na hoteli ya jirani atasema ni maji machafu. Kila mmoja anaweza kuwa ameshika kipande cha ukweli, hata bibi, maana mwenye kujisifu huwaita wezi. Ila hakuna jibu hapo linalokuambia ufanye nini kesho maji yakikupwa.

Maelezo haya ni kwa wafugaji wa chaza wa namna mbili. Wa kwanza ni chaza wa lulu wanaoning'inizwa kwenye kamba, kama wanavyofanya Fumba na Bweleo katika Ghuba ya Menai, Unguja, ambako ufugaji wa lulu nusu, zile zinazoota zimeshikamana na ganda, ulianza katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wa pili ni chaza wa mikoko wanaolazwa kwenye vichanja, ufugaji uliofanyiwa majaribio Gazi, Kwale, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Bahari imebadilika, hilo halina ubishi. Kabla ya viwanda, hewa ya ukaa angani ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni. Sasa imepita 420. Sehemu ya hewa hiyo imemezwa na bahari, na pH ya maji ya juu, kipimo ambacho kikishuka asidi imepanda, imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tarakimu inaonekana ndogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyotengenezwa, hiyo ni nyongeza ya asidi ya karibu asilimia 30. Maji yamepata joto, na mvua zikija zinakuja kwa fujo. Hata hivyo tabianchi haiui chaza kwa mkono wake. Hutuma mtu: jua, maji ya mto, njaa, kijidudu. Kazi yako ni kumjua aliyetumwa, maana huyo ndiye unayeweza kumfungia mlango.

Anza na maiti

Mwaga kapu zima juu ya turubai, usichague. Tenga mafungu matatu: walio hai, waliofumbua na bado wana nyama, na maganda matupu ambayo bawaba yake bado imeshika. Aliyefumbua mgonge kidogo kwa ukucha. Akijifunga, hata taratibu, ni hai lakini ana shida. Asipojifunga, keshakufa.

Sasa chukua ganda tupu uliangalie ndani kwenye mwanga. Likiwa linang'aa, safi kama kisahani kilichooshwa, huyo amekufa karibuni, siku chache au wiki moja hivi. Likiwa na utando wa kijani au matope, zaidi ya hapo. Ukikuta ndani yake vimeshaota vile vidude vigumu vyeupe vinavyoganda chini ya ngalawa, basi kifo hicho ni cha wiki nyingi na wewe hukuwa unakagua. Nimeona watu wakililia joto la wiki iliyopita wakati maganda yao yalikuwa yanasema mwezi mzima.

Tazama pia ukingo na mgongo wa ganda. Tundu dogo la duara, kama limetobolewa kwa msumari, ni konokono mtoboaji. Ukingo uliomegwamegwa ni kaa. Wapo pia konokono wenye manyoya kwenye ganda ambao hawatoboi kitu. Huingia kapuni wakiwa wadogo kama punje, hunenepa humo humo, na huingiza mdomo wao mrefu katikati ya maganda mawili. Dalili yao pekee ni wao wenyewe, wameshiba, wamekaa pembeni mwa kapu. Ukimkuta mmoja tafuta wa pili. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, naye haachi alama, humvuta chaza mpaka achoke kujifunga.

Ukishamaliza hapo ndipo ujiulize: wamekufa wakubwa au wadogo? Wa juu au wa chini? Walikufa pamoja au mmoja mmoja? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayokupeleka kwenye sehemu inayofuata, na yakikataa kuoana na sehemu yoyote, basi una sababu mbili kwa wakati mmoja. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Dalili: wa juu wote wamekufa, wa chini wazima, na kifo kilikuja kwa siku mbili tatu

Hapa washukiwa ni wawili, jua na mvua. Kama hapakuwa na mvua kubwa katika wiki mbili zilizotangulia, ni jua.

Pwani yetu ina jambo ambalo mfugaji lazima alijue kama anavyolijua jina lake. Wakati wa bamvua, maji hukupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na siku mbili zinazofuata yanasogea kuelekea adhuhuri. Kwa hiyo ule wakati chaza yuko nje ya maji, au amebakiwa na maji ya kufika kifundoni, ndio wakati jua linapopanda. Sasa ongeza mwezi. Bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba. Septemba kusi bado linavuma na maji yana ubaridi wake. Machi ni mwisho wa kaskazi, maji yamefika kilele cha joto, na maleleji yameingia: upepo umekufa, bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Bamvua kubwa, maji moto, hakuna upepo. Nikiambiwa chaza wamekufa Machi, huwa siulizi sana.

Joto linaua kwa njia mbili. Ya wazi ni kwamba ganda jeusi juani hupata joto kuliko hewa inayolizunguka, na nyama iliyo ndani inapikika polepole. Ya pili haionekani. Maji ya moto hushika hewa ya oksijeni kidogo, ilhali mwili wa chaza ukiwa na joto unahitaji oksijeni nyingi zaidi. Anakosa pumzi katika maji ambayo kwa macho yako ni safi kabisa. Hiyo ya pili hupiga hata chaza wa lulu ambao hawatoki majini, hasa kwenye kapu lililojazwa mno na wavu ulioziba kwa uchafu.

Wafugaji wa magharibi ya Marekani na Kanada waliliona hili kwa ukatili wake mwishoni mwa Juni 2021. Joto lilipanda hadi nyuzi 49.6 katika mji wa Lytton, British Columbia, jimbo la Kanada ambako nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi. Siku hizo hizo maji katika sehemu nyingi za pwani yalikuwa yanakupwa sana mchana. Kome, chaza na wadudu wa miambani walipikwa ndani ya maganda yao; Chris Harley wa Chuo Kikuu cha British Columbia alikadiria kuwa viumbe zaidi ya bilioni moja vilikufa. Joto lile lile lingekuta maji yamejaa mchana, hesabu ingekuwa nyingine. Ndiyo maana nasema jedwali la maji kupwa na kujaa lina thamani kuliko kipimajoto.

La kufanya. Weka kiganja juu ya ganda maji yakiwa yamekupwa. Usipoweza kukiacha hapo, chaza naye hawezi. Teremsha kichanja, hata kwa urefu wa shibiri moja, kwa sababu shibiri moja inaweza kumpunguzia chaza dakika nyingi za jua. Tandika makuti au wavu wa kivuli siku za bamvua ya Februari hadi Aprili, uviondoe baadaye visije vikazuia mzunguko wa maji. Punguza idadi kapuni kabla ya Machi na usingoje waanze kufa. Kusafisha, kuchambua na kupandikiza kete za lulu (zile punje ambazo chaza huzifunika kwa lulu) kufanyike wakati wa ubaridi, na katika siku za joto usiwaguse kabisa. Chaza aliyetoka kusumbuliwa mkononi ana nguvu kidogo za kupigana na jua.

Ushauri wa "hamia maji marefu" utausikia kila mahali. Ni sahihi, na wakulima wa mwani wameshaupitia: cottonii, aina ya mwani, ilipoanza kuoza kwenye maji mafupi ya Unguja, waliambiwa waihamishie kilindini. Lakini kilindini kunataka chombo, kunataka kujua kuogelea, na wengi wa wafugaji wetu ni kina mama waliozoea kwenda shambani kwa miguu na ndoo kichwani. Kabla ya kumwambia mtu ahamie mita nne, muulize ngalawa ni ya nani na nani atambakia na watoto saa za maji. Vinginevyo umempa ushauri ambao ni wa mtu mwingine.

Dalili: wamekufa siku kadhaa baada ya mvua kubwa, nyama imevimba na kupauka

Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu kama mafuta ya mchuzi. Chaza aliye juu anakaa katika maji matamu, aliye mita mbili chini anaishi katika bahari ile ile ya jana. Ndiyo sababu dalili hii hufanana na ya jua. Tofauti utaiona kwenye nyama: ya chaza aliyeuawa na jua hukauka au huoza haraka, ya aliyeuawa na maji matamu hujaa maji, hupauka, huwa laini kama mkate uliolowa. Na mashamba yaliyo karibu na mdomo wa mto au mkondo wa mvua ndiyo hufa kwanza.

Chumvi ya kawaida ya bahari yetu ni karibu gramu 35 katika kila kilo moja ya maji. Chaza akihisi imeshuka, hujifunga na kusubiri. Anaweza kukaa siku kadhaa amejifunga, akiishi kwa akiba yake. Lakini akiba hiyo huisha haraka maji yakiwa ya moto, na hapa ndipo mabadiliko yanapouma mara mbili: mafuriko katika maji moto huua upesi kuliko mafuriko yale yale katika maji baridi.

Vuli ya 2019 ni mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, hali ambayo wataalamu wa hewa huifuatilia kila mwaka kwa sababu ndiyo hutuletea vuli za kupindukia. Mvua ilinyesha Oktoba hadi Desemba kama masika. Mwaka huo huo huko Marekani, milango ya kupunguzia mafuriko ya Bonnet Carré karibu na New Orleans ilifunguliwa mara mbili, jumla siku 123, ili Mto Mississippi usilizamishe jiji. Maji yale matamu yalitiririka mpaka kwenye miamba ya chaza ya pwani ya jimbo la Mississippi na kuiua karibu yote. Chaza hodari wa kujifunga siku tano hawezi kujifunga miezi miwili.

La kufanya ni kuteremsha makapu kabla mafuriko hayajafika, si baada. Kuwa na kamba za akiba zenye urefu wa ziada, zimekunjwa na kufungwa kwenye boya, ili siku utabiri ukisema mvua kubwa unafungua fundo moja tu. Chota maji ya juu kwa chupa moja, na ya chini kwa chupa nyingine uliyoiziba kidole mpaka ifike kina, kisha pima zote mbili kwa kipimachumvi. Mimi huanza kuhangaika maji ya juu yakifika chini ya gramu 28. Usiyaonje kwa ulimi baada ya mafuriko. Yale si maji ya mvua pekee, ni ya vyoo pia. Kwa sababu hiyo hiyo usiuze wala kula chaza wa siku hizo.

Na mvua ikiisha, waache. Shauku ya kuwatoa wote, kuwaosha, kuwahesabu na kuwapiga picha imeua chaza waliokuwa wameshapona.

Dalili: mbegu hazishiki

Umening'iniza vikusanyio vya kunasia mbegu, yaani chaza wachanga: kamba kuukuu, vipande vya wavu, vifuu, na baada ya miezi miwili huna kitu isipokuwa mwani na matope.

Kabla ya kufika kwenye asidi, pita kwanza kwa wazazi. Chaza wa lulu wa kwetu hutegemea mbegu za porini. Kama kijiji kimeokota chaza wakubwa wote kwa ajili ya kitoweo na maganda ya vipuli, nani atazaa? Chaza wawili walio mbalimbali hawapati mtoto. Mbegu za kiume na za kike hukutana majini, na zikiwa chache zinapoteana. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya vikusanyio vitupu, na dawa yake ni kutenga eneo ambako wakubwa hawaguswi.

Pili, pita kwa kalenda. Chaza huzaa kwa kuamshwa na mabadiliko ya joto na chakula. Majira yakisogea, nao husogea. Anayeweka vikusanyio mwezi ule ule kila mwaka kwa sababu ndivyo alivyofundishwa anaweza kukuta harusi imeshapita. Weka vichache kila mwezi, andika tarehe kwenye kila kimoja, na baada ya mwaka mmoja utakuwa na kalenda ya ghuba yako mwenyewe.

Ndipo tuje kwenye asidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chake kinafundisha namna ya kutafuta chanzo kuliko kisa chochote ninachokijua.

Huko Oregon, kwenye Ghuba ya Netarts, kuna kituo cha kuzalisha mbegu za chaza kiitwacho Whiskey Creek, kinachowauzia wafugaji wengi wa pwani ya magharibi ya Marekani. Mwaka 2007 na 2008 vichanga vyao vilianza kufa kwa mamilioni ndani ya matangi. Walifanya lile ambalo kila mmoja wetu angefanya: walishuku ugonjwa. Kweli walikuta bakteria aina ya Vibrio. Wakasafisha, wakachuja, wakaweka mitambo ya kuua vijidudu. Vichanga vikaendelea kufa. Mtu wa hapo kituoni, Alan Barton, alianza kulinganisha vifo na hali ya bahari, na pamoja na mwanasayansi Burke Hales wa Chuo Kikuu cha Oregon State wakaona kinachofanana: vichanga vilikufa pepo zilipokuwa zinavuta maji baridi ya vilindini kuja juu. Maji yale yamekaa gizani miongo mingi na yamejaa hewa ya ukaa. Yanakuja na asidi yake, na juu yake imeongezwa ile tuliyoitia sisi.

Kwa nini vichanga, si wakubwa? Kwa sababu kichanga cha chaza hujenga ganda lake la kwanza ndani ya siku mbili hivi za mwanzo, kabla hajaweza kula vizuri. Anajenga kwa akiba aliyopewa na yai tu. Na malighafi yake ya ganda ni aina ya chokaa inayoyeyuka upesi kuliko ile ya ganda la mtu mzima. Maji yenye asidi humlazimisha atumie nguvu nyingi kwa ganda lile lile; akiba ikaisha nyumba haijasimama. Leo Whiskey Creek hupima maji yao mfululizo na kuyatia sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Vichanga vikarudi kuishi. Hawakuibadilisha bahari, walilainisha maji ya tangi.

Sisi hatuna tangi, tuna ghuba. Huwezi kutia magadi Ghuba ya Menai. Kwa hiyo ukitaka kujua kama asidi inakuhusu, usinunue ile kalamu ya pH ya bei rahisi na kuanza kutangaza. Nyingi zinakosea kwa 0.1, na 0.1 ndiyo badiliko lote la bahari tangu enzi za viwanda. Isitoshe, kwenye maji mafupi yenye nyasi za bahari pH hupanda mchana majani yakinyonya hewa ya ukaa na hushuka usiku majani yakipumua. Ukipima leo saa sita na kesho alfajiri umepima majani, hukupima tabianchi. Pima saa ile ile, wakati ule ule wa maji, na umpelekee mtafiti daftari la miezi badala ya namba moja.

Kilicho mikononi mwako ni hiki: using'oe nyasi za bahari kuzunguka shamba, na maganda yasiyofaa kwa mapambo yarudishe baharini badala ya kuyachoma yote kuwa chokaa. Vichanga hupenda kushika juu ya ganda la mwenzao.

Dalili: mbegu zilishika, kisha zikafa kwa mkupuo

Wadogo wanakufa, wakubwa wamesimama. Fikiria ugonjwa, na fikiria mbegu hizo zilitoka wapi. Ufaransa mwaka 2008 virusi vya jamii ya herpesi viliangamiza mbegu za chaza kiangazi kile maji yalipofika karibu nyuzi 16, na tangu hapo kila mwaka joto likifika hapo wafugaji hushika roho. Baadaye aina hiyo hiyo ya virusi ikaonekana Australia. Joto hufungua mlango, lakini anayembeba mgeni mara nyingi ni mfugaji mwenyewe, ndani ya ndoo. Usilete mbegu kutoka ghuba nyingine kwa sababu tu rafiki amekupa. Waulize kwanza maofisa wa uvuvi, na kamba za shamba lililokufa zianike juani mpaka zikauke kabisa kabla hujazirudisha majini.

Dalili: ganda jembamba, linamomonyoka

Watu hukimbilia asidi. Mara nyingi sana ni minyoo. Vunja ganda: ukiona vijia vyembamba vyenye matope ndani, au malengelenge meusi upande wa ndani, ni minyoo inayochimba. Kwa mfugaji wa lulu hii ni hasara ya moja kwa moja, kwani lengelenge likitokea karibu na kete, lulu inatoka na kilema. Waloweke chaza kwenye maji matamu kwa dakika chache kisha uwaanike kivulini kwa muda mfupi. Jaribu kwa watano kwanza. Kama ganda ni jembamba lakini safi, angalia chakula: kapu limejaa mno, wavu umeziba, mkondo hafifu. Chaza mwenye njaa hajengi.

Dalili: chaza wazima, waliokula ndio wagonjwa

Hapa acha kila kitu usome taratibu.

Kuharisha na tumbo kukata baada ya kula chaza mbichi, hasa miezi ya joto: shuku bakteria wa jamii ya Vibrio. Wanapenda maji ya uvuguvugu. Mwaka 2004 waliwaumwisha abiria wa meli za utalii huko Alaska, mahali palipodhaniwa kuwa baridi mno kwao, baada ya maji ya mashamba ya chaza kupita nyuzi 15. Kwetu maji hayashuki hapo hata siku moja. Moto huwaua. Limau haliwaui, hata ukikamua ndoo nzima, na mgeni wa hoteli anayetaka mbichi kwa limau aambiwe hivyo. Chaza watoke majini waingie kwenye barafu, wasisubiri juani kwenye ndoo mpaka daladala ijae.

Ganzi ya midomo na ulimi, vidole kuchomachoma, kisha miguu kulegea: hiyo ni sumu ya vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo chaza amevichuja na kuvihifadhi mwilini bila yeye kudhurika. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Haina dawa ya kuifuta. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka itoke mwilini. Mpeleke hospitali wakati huo huo, na hifadhi mabaki ya chaza aliokula. Maji yakibadilika rangi kuwa mekundu au kahawia, au samaki wakielea, simamisha mavuno. Na maji yakiwa safi usijidanganye pia, kwa kuwa sumu hukaa ndani ya chaza hata baada ya rangi kuondoka.

Dalili: hakuna chaza, wala hakuna ganda

Mnyama huacha maganda, jua na mvua vivyo hivyo. Pasipo kitu, vuta kamba uangalie ncha. Kamba iliyokatwa na dhoruba, kama zile za Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita Mafia, ina nyuzi zilizotawanyika, za urefu tofauti, na mara nyingi imechubuka hatua kadhaa kabla ya pale ilipokatika. Iliyosagwa na mwamba imekonda taratibu mpaka ikaachia. Zote hizo tafuta boya upande unakoelekea mkondo. Huenda kapu liko huko limezama kwenye mchanga na nusu ya chaza bado wazima.

Ncha ikiwa imekaa sawa, nyuzi zote urefu mmoja, hapo ni kisu. Nenda kwa sheha, na ukipita kivulini mwombe radhi yule bibi.